Aliyetufundisha Kupendwa

Kabla ya kutuambia tunyamaze, Mzee wa Kanisa alikuwa anavua saa yake ya mkononi na kuitia mfukoni. Aliivua taratibu, mbele yetu sote, ili tuone. "Mutu mwenye anapendwa haangalie saa," alisema. Kisha akaketi kwenye kiti chake kilichotugeukia, akaweka mikono juu ya magoti, na kanisa letu la Kanyosha, kusini mwa Bujumbura, likanyamaza mpaka tukasikia mabati yakilia kwa joto.

Ilikuwa Jumatano na Ijumaa, saa kumi alasiri. Haikuwa ibada, hapakuwa na kwaya wala mahubiri wala sadaka. Watu walitoka mashambani na udongo miguuni, wamama walitoka sokoni na vikapu vyao, wakaja kukaa. Nimepita miji mingi tangu siku hizo, Uvira, Kalemie, Kigoma, Lubumbashi, nikipaka rangi nyumba za watu, na sijakuta kanisa jingine lenye saa kama ile. Namkumbuka mzee yule kuliko ninavyomkumbuka baba yangu mzazi. Lakini niseme mapema, ili msomaji asingoje sifa tupu: mtu huyo alimfundisha mama yangu kufurahi katika upendo wa Mungu, na mtu huyohuyo alimweka mama yangu mbali na Meza ya Bwana mpaka akafa. Yote mawili ni kweli, na sijaweza kuyaweka mahali pamoja.

Kazi yake ya mkono ilikuwa kutengeneza baiskeli. Alikaa pembeni mwa barabara inayokwenda kusini, chini ya turubai, na beseni la maji la kutafutia matundu ya mipira. Wanaume walioshuka milimani na mikungu ya ndizi, mkaa na nyasi za ng'ombe walimfahamu kwa ufundi wake. Walimfahamu pia kwa taabu aliyowapa. Akija mtu aliyebeba bidoni, yaani madumu, za urwagwa, ile pombe yetu ya ndizi, Mzee hakugusa hata spoku moja kabla pombe haijaondoka kwenye baiskeli.

"Teremusha kwanza," alisema.

"Mzee, ni bidoni ine! Mnyororo tu ndiyo umetoka, dakika moja."

"Teremusha, uvushe barabara. Baiskeli haina zambi. Zambi iko mu bidoni."

Basi mtu wa watu atafungua kamba, atavuka barabara mara nne kati ya malori, bidoni moja moja, huku akitukana kwa Kirundi. Mzee atarudisha mnyororo kwa dakika ile moja. Halafu, na hapa ndipo watu walipokuwa wanacheka, atavuka barabara yeye mwenyewe na baiskeli, aishike usukani isianguke wakati mwenye pombe anafunga mzigo wake upya, maana mtu mmoja peke yake hawezi. Mkono wake haukugusa bidoni hata siku moja. Ulishika usukani tu.

Ndivyo alivyokuwa. Alikunywa chai yenye vijiko vitano vya sukari na kuwahubiria vijana juu ya kiasi. Aliogopa mbwa, hata watoto wa mbwa, na akiwaona alivuka upande wa pili akijifanya ana neno na mtu wa huko. Mto Kanyosha ulipofurika na kubeba nyumba za pale chini, alizikaribisha chumbani kwake familia mbili ambazo hazikuwa zikisalimiana tangu vita, yeye akahamia kwenye turubai la baiskeli. Walikaa wiki tano. Walipotoka walikuwa wanaazimana chumvi. Sijasikia kwamba aliwahubiria neno lolote. Watu walipomuuliza aliwasemesha nini, alijibu kwamba chumba kilikuwa kidogo.

Mafundisho yake yalikuwa mepesi hivyohivyo, na wasomi wa kanisa waliyadharau. Alitupa wazo moja tu la kukaa nalo: kwamba Mungu alikupenda kabla hujafanya kitu chochote, chema wala kibaya, na bado anakupenda sasa hivi, hapo ulipoketi. Basi. Wiki iliyofuata aligeuza maneno kidogo, lakini wazo lilikuwa lilelile.

"Musiombe kitu," alisema. "Siku zote munamuomba. Leo mumuache apumuzike. Kaa tu, akupende."

Alisema watu wengi wanamwendea Mungu kama wanavyomwendea shefu wa kazini, karatasi mkononi na jasho usoni. Akatuonyesha mtoto aliyebebwa mgongoni na mama mmoja aliyekuwa anaingia, amelala kinywa wazi, mate yakimtoka. "Muangalie uyu. Mama yake akienda Rumonge, naye anaenda Rumonge. Hajauliza."

Mara moja, fundi mmoja wa kujenga alilala katikati ya kimya akakoroma kwa nguvu, watu wakaanza kusukumana viwiko na kucheka. Mzee akanyanyua kidole. "Mumuache. Ule ametutangulia."

Siku nyingine mama yangu aliuliza swali. Alikuwa mwoga wa kusema mbele za watu, ndiyo sababu nalikumbuka. "Mzee, na kama nimekaa apa lakini nawaza sufuria niliacha ku moto?"

"Waza iyo sufuria, Mama Dezire. Lakini usiiwaze peke yako."

Watu walicheka, naye mama akacheka, na nadhani ilianzia hapo. Tulipofika nyumbani maharage yalikuwa yameshika chini. Mama aliyakwangua na kuyapakua akiwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu baba alipotuacha. Tulikula maharage ya moshi. Alikuwa anatabasamu peke yake.

Mimi sikuweza. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma lise, shule ya sekondari, na kila nilipofumba macho niliona barabara. Mzee aliniona nikijigeuzageuza kwenye benchi.

"We Dezire, matako yako iko na miiba?"

Kanisa zima liligeuka. Tangu siku ile niliitwa Miiba mtaani, mpaka nilipoondoka. Sikumchukia kwa hilo. Hata leo nikikumbuka nacheka.

Alikuwa na daftari. Lilikuwa daftari la shule, jalada la buluu, limefungwa kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Humo yalikuwamo majina ya watu waliokuwa chini ya nidhamu ya kanisa: aliyezini, aliyepigana, aliyekwenda kwa mganga, aliyeuza pombe. Kanisa letu lilikuwa na desturi yake. Ukiandikwa, ulikaa miezi mitatu kwenye benchi la mlangoni. Uliimba na wengine, ulisikia neno, lakini Jumapili ya Meza, ambayo ilikuja mara nne kwa mwaka, mkate ulikupita. Miezi ikiisha, Mzee alifungua daftari mbele ya watu wote, akasoma jina lako, nawe ukatoka mlangoni ukapita katikati ya kanisa mpaka mbele. Yeye alisema, "Ndugu yetu, kiti chako kiko pale pale. Karibu mezani." Akakupa mkono. Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Ilikuwa nzuri kuona. Nakiri hivyo.

Sheria ilikuwa na mkia ambao haukuandikwa popote lakini kila mtu aliujua: aliye mlangoni haulizi. Kuuliza "zamu yangu lini?" kulikuwa ishara kwamba bado una kiburi, hujatubu. Aliyeuliza aliongezewa miezi.

Mama alikuwa anauza urwagwa uani kwetu, siku tatu kwa wiki. Hakunywa. Aliuza kwa sababu nilikuwa lise na dada yangu mdogo alikuwa na kifua kibaya, na shamba letu lilikuwa upana wa mkeka. Mtaa mzima ulijua, Mzee naye alijua, maana bidoni zetu zililetwa na watu walewale aliowavusha barabara. Siku mtu alipopeleka maneno rasmi kwenye baraza la kanisa, Mzee hakuwa na njia. Alikuja alasiri na mashemasi wawili wa kike. Mama alitoa viti, akawapa maji ya kunywa. Hawakugusa maji.

"Mama Dezire," Mzee alisema, "tumekuya na upendo."

"Karibuni na upendo," mama akajibu. Hakuwa anakejeli. Aliinuka, akaenda uani, akarudi akiburuta bidoni iliyobaki, akaimwaga pale pale mbele ya miguu yao. Pombe ilipita chini ya viti, mashemasi wakanyanyua sketi. Mzee alikaa bila kusogeza viatu. Aliandika jina la mama kwenye daftari, akafunga ule mpira, na walipokuwa wanatoka alinishika bega akaniambia, "Miezi mitatu ni kidogo, mwanangu. Mungu hatoki."

Mungu labda hakutoka. Mimi nilitoka lise muhula huohuo, nikaanza kushika brashi.

Jumapili ya Meza ya kwanza baada ya miezi mitatu, mama alivaa imvutano yake ya njano, lile vazi la sherehe alilokuwa amelivaa mara ya mwisho kwenye harusi ya mdogo wake. Alikuwa amenawa mapema, amejipaka mafuta mpaka viwiko. Mzee alifungua daftari akasoma majina matatu. Watatu walipita katikati, wakapewa mkono, makofi yakapigwa. Akafunga daftari. Nilimwona mama akirekebisha fundo la nguo begani, kama mtu ambaye ndilo jambo pekee lililokuwa linamsumbua.

Njiani alisema, "Labda muhula wenye kuya."

Muhula uliokuja hakusomwa. Wala uliofuata. Mwaka ulipita. Mchungaji wa zamani alihamishwa, akaja mwingine ambaye alimkuta mama mlangoni na kudhani ndiyo kazi aliyopewa. Wageni nao walidhani hivyo. Mvua ikinyesha walimkabidhi miavuli. Wamama walimwachia kandambili za watoto, vikapu, kuku waliofungwa miguu waliokuwa zawadi ya mchungaji. Mtu aliyepewa adhabu akawa bawabu wa kanisa bila mtu yeyote kuamua. Miaka tisa. Kila niliporudi kutoka safarini nilimkuta pale pale, miavuli imeegemea ukuta nyuma yake, mkate ukigawanywa kule mbele kwa watu aliowashikia kuku.

"Mama, muulize."

"Nikimuuliza atasema sijatubu."

"Umetubu mara ngapi? Ulimwaga pombe miguuni kwake!"

"Dezire. Sauti."

"Basi nitamuuliza mimi."

"Ukimuuliza we, atasema nimekutuma. Wacha. Apa mulangoni kuko upepo. Wale wa mbele wanaungua na joto, huwaoni wanavyojipepea?" Akacheka.

Kicheko kile ndicho nilichokichukia. Kingekuwa kilio ningejua la kufanya. Ningekwenda kwa Mzee na kumpindulia beseni lake la maji, ningemfungulia lile daftari mtaani. Lakini mama alikuwa na furaha, na furaha yake haikuwa ya kujilazimisha. Nilimchunguza kwa miaka, nikitafuta ufa. Jumatano na Ijumaa aliendelea kwenda saa kumi, akaketi kwenye benchi lake la mlangoni, mikono juu ya magoti kama alivyofundishwa, na akatoka akiwa kama mtu aliyelishwa. Alipanda viazi, alisuka mikeka, alimuuguza dada yangu mpaka kifua kikapona. Mimi ndiye niliyekuwa na hasira ya watu wawili, na nikaibeba Kigoma, nikaibeba Lubumbashi, nikapaka nayo kuta za watu nisiowajua. Wakati mwingine, nikiwa nimemaliza kazi na rangi haijakauka, nilijaribu kukaa kama mama. Nilihesabu dakika tatu. Nikainuka.

Nilikuwa Kalemie alipofariki. Habari zilinifikia amekwisha kuzikwa. Aliyenisimulia ni jirani yetu Mzee Hamisi, fundi magari, mtu wa mtaa wa Buyenzi kwa kuzaliwa aliyehamia kwetu akiwa tayari na mvi. Niliporudi alinikuta nimesimama uani kwetu, mkoba bado begani.

"Pole, mwanangu. Inna lillahi. Kaa."

"Kwaya iliimba?"

Alinipokea mkoba akauweka chini. Kisha akasema, "Kwaya haikukuya. Walisema alikuwa mu nidhamu, basi haruhusiwe kwaya, haruhusiwe joho ya pasta. Walikuya watu kumi na mbili. Mi na watoto wangu tulimubeba. Kaburi tulichimba siye."

"Na Mzee wa Kanisa?"

"Alikuya. Alisimama mbali, ku kichaka. Hakuomba, hakusema kitu. Alikuwa analia ile ya mutu mwenye amefiwa kabisa." Hamisi alipangusa mikono yake yenye grisi kwenye suruali, ingawa haikuwa na grisi mbichi. "Mi siingilie mambo ya dini yenu. Lakini ule mama alikuwa na Mungu wake mu uso. Kila mutu aliona. Nyiye Wakristo munakuwaka wagumu."

Niliondoka bila kumsalimia Mzee. Niliapa nitarudi siku moja, nimtazame usoni na kumtaka asome jina la mama. Sikutaka samahani wala machozi. Nilitaka yale maneno yasemwe, yenye kiti na meza, hata kama wa kuyasikia hayupo. Kisha miaka ikaenda, maana mtu aliyezoea kuondoka huona kila kiapo kina nafasi.

Mwaka huu nilirudi Bujumbura kuona kaburi. Hamisi amezeeka, hatoki tena nje ya ua, lakini bado anajua habari za kila mtu. Aliniambia Mzee wa Kanisa yuko Mutanga Nord, kwa mtoto wake wa kiume mwenye kazi ofisini, na macho yake yameingia ukungu. Mafuta yalikuwa yameadimika mjini, magari yamepanga foleni tangu juzi, mabasi hakuna. Nilikwenda kwa miguu, kutoka kusini mpaka kaskazini, mji mzima. Njiani nilikuwa nafanyia mazoezi maneno yangu.

Ilikuwa nyumba ya vigae, na geti la chuma lililopakwa rangi vibaya, tabaka la pili juu ya kutu. Mkwe wake alinifungulia, mama kijana mwenye haraka, akaniketisha barazani na kuniletea Fanta. Mzee alikuwa kwenye foteyi, kiti chake cha kuegemea, blanketi miguuni ingawa ilikuwa mchana wa jua. Amekuwa mdogo. Mikono ile ya kunyoosha rimu ilikuwa kama ya mtoto.

"Ni nani?"

"Dezire. Wa Kanyosha."

Hakusema karibu, wala hakuuliza habari za safari. Alisema, "Miiba."

"Ndiyo, Mzee."

"Umekawia."

Maneno yote niliyoyafanyia mazoezi yalinikimbia. Nikauliza tu, "Kwa nini hukusoma jina lake?"

Mkwe alikuwa anakung'uta mkeka uani. Mzee alingoja mpaka akamaliza.

"Mara ya kwanza nilisahau," alisema. "Jina yake ilikuwa nyuma ya karatasi, sikugeuza. Nilifika ku nyumba, nikafungua daftari, nikaona. Nikasema, muhula wenye kuya. Mara ya pili nilikuwa na haya. Watu watasema, kumbe Mzee alimusahau mutu. Nikasema, ule mwingine."

"Na miaka minane iliyobaki?"

"Miaka minane, apana haya." Aligeuza kichwa upande wangu, macho meupe yakinitafuta. "Dezire, mi sikuwahi kusikia kitu. Unaelewa? Niliwafundisha kimya miaka makumi mawili. Upendo, upendo. Nilisoma mu kitabu kimoja cha wamisioni, nikaona ni kweli, nikawapa watu. Wakapata. Mi nilikaa pale ku kiti changu, nikangoja, kitu akuna. Kama mutu wa posta. Barua zote ni za wengine."

Alivuta blanketi lake juu kidogo.

"Halafu mama yako akakaa mulangoni. Kiti changu kinaangalia mulango, unakumbuka? Wamama wengine wote wanakaa upande wa kushoto, nyuma ya nguzo, siwaone. Siku moja, Ijumaa, nilifungua macho mbele ya wakati. Nikaona uso wake. Mwanga wa inje ulikuwa unamupiga apa." Aligusa shavu lake. "Nikasema, basi. Basi iko kweli. Hata kama si kwangu, iko kweli kwa mutu moja. Na kila Ijumaa nikafungua macho nimuangalie. Ningesoma jina yake, angerudi nyuma ya nguzo."

Chupa ya Fanta ilikuwa mkononi mwangu na sikujua niiweke wapi. "Ulimwacha pale ili umtazame."

"Ndiyo."

"Akazikwa bila wimbo ili wewe umtazame."

"Ndiyo." Hakujitetea. Ningependa ajitetee. "Alikuwa anaona nini, Dezire? Mu kimya. Alikuambia?"

Aliniambia. Mwaka mmoja kabla ya kufa, tukiwa tunamenya viazi, nilimuuliza kwa dharau na yeye akajibu bila dharau. Nilifikiria kukaa na jibu hilo, nisimpe. Lilikuwa kitu pekee nilichorithi. Lakini nilimwangalia pale kwenye foteyi, mtu aliyefungulia watu mlango maisha yake yote akabaki nje, nikaona kumnyima hakutaniongezea chochote.

"Alisema anawaza yuko anaingia mahali," nilimwambia, "na Mungu anageuka anamwona, anafurahi kwamba ni yeye. Basi. Hawasemi kitu. Kesho yake anaingia tena, Mungu anafurahi tena."

"Iyo tu?"

"Iyo tu."

Midomo yake ilisogea kama anayeonja. "Mi nilikuwa nawaza vitu vikubwa," alisema. "Msalaba. Mbingu. Zambi zangu zote moja moja." Akafumba macho. Sijui kama alijaribu hapo hapo. Uso wake haukubadilika.

"Mzee," nikasema, "sema yale maneno."

"Aliyekufa harudishwi. Iko mu kanuni."

"Sema."

Alivuta blanketi pembeni. Aliegemea mikono ya foteyi akajaribu kusimama, na mkwe alikimbia kutoka uani, "Baba, Baba, unaenda wapi?" Mzee akamsukuma mkono kwa upole. Alisimama. Sauti iliyotoka ilikuwa ileile ya Kanyosha, haikuzeeka, mpaka mkwe akarudi nyuma hatua moja. Alitaja jina la mama, lote, la ubatizo na la nyumbani. Sikujua kwamba analikumbuka lote.

"Dada yetu," alisema, "kiti chako kiko pale pale. Karibu mezani."

Na akanyoosha mkono.

Ulikaa hewani kati yetu. Mama angeupokea. Angeupokea Jumapili ile ya kwanza na nguo yake ya njano, na angeupokea miaka tisa baadaye, na asingemuuliza kitu, kwa sababu hakuwahi kumlaumu. Mkono ule haukuwa wangu kuukataa. Niliweka chupa chini, nikasimama, nikampa mkono wangu wa kulia kwa niaba yake. Kwetu, ukimpa mtu mzima mkono wa kulia, wa kushoto unashika kiwiko chako kumheshimu. Hata mlevi hufanya hivyo. Wa kushoto niliuacha mfukoni.

Haoni vizuri, lakini mtu aliyepokea mikono maisha yake yote hujua uzito wake. Alinishika muda mrefu kuliko desturi, akingoja.

"Iyo mukono ni ya mama yako," alisema. "Na yako?"

Nikamwambia Kanyosha ni mbali kwa miguu. Nikaagana na mkwe wake, nikatoka getini.